Mashindano ya Wenye Meno

Karantina, Jedda
14 Januari 2024

Kwa mke wangu mdogo Kemunto,

Salamu zikufikie huko Al-Malqa kwa matajiri, kabla madam hajakutuma kupiga pasi mapazia. Mimi mzima. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya wawili na kulalamika kama karani wa serikali. Masikio yalistaafu zamani, wajua, ndiyo maana nakuandikia karatasi. Ukinipigia simu nasikia nyuki tu.

Nyumbani Keroka hawajambo? Mama yako Miriam bado anagombana na jirani juu ya ule mpaka? Na mke wangu mkubwa Rael, miguu yake imeacha kuvimba? Msalimie. Mwambie babu yako amepata mke mwingine Riadh, kijana, mwenye meno yote.

Kwa kuwa nimetaja meno, nikueleze ya hapa dukani. Mwenye hoteli wa jirani aliniletea televisheni, picha safi, sauti mafi, hakuna kabisa. Hata ingekuwepo ningeisikia na nini? Nikaiunganisha na dishi, nikanasa stesheni inayorudia mashindano ya Wamarekani ya zamani, tangu asubuhi hadi jua linazama. Wiki tatu nayatazama. Nimeishi miaka sabini na nne, nimetengenezea redio wapumbavu wa mataifa kumi na mawili, lakini hawa wamenizidi.

Kila shindano lina bwana mmoja mwenye suti ya rangi ya embe lililooza na nywele zilizopakwa kitu kama lami. Kazi yake ni kutoa meno. Anaingia, meno. Mtu ameshinda, meno. Mtu ameshindwa, maskini wa Mungu anarudi kwao mikono mitupu, meno yale yale! Mmoja anashika kipaza sauti chembamba kama mwiko wa uji, na anabusu kila mwanamke anayepita mbele yake, hata nyanya za watu, na waume wamekaa pale pale wanapiga makofi. Angejaribu Keroka. Angebusu wa kwanza, wa pili angemkuta hospitali.

Kuna mama mwenye gauni refu, kutwa nzima anageuza vibao ukutani. Anageuza kibao, anapiga makofi. Nadhani alikosa akafungwa, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Juzi walifungua pazia, mwanamke mmoja akapiga magoti, akashika kichwa, akalia, akamwangukia yule mwenye meno kifuani. Nikasema maskini, amefiwa. Kumbe amepewa gari. Mtu mzima anaomboleza gari! Akifiwa kweli atafanya nini, na kilio ameshakimaliza?

Lakini wanaonichefua zaidi ni maarusi. Wake wanafichwa nyuma, waume wanaulizwa: mkeo analala upande gani, mkeo alinuna lini. Kisha wake wanaletwa, wanaulizwa yale yale, na majibu yameandikwa kwenye vibao. Vibao nasoma, Kiingereza changu cha darasa la sita kinatosha. Jibu lisipolingana, mke anampiga mume kwa kibao na mashine ya kufulia inapewa wengine. Yaani watu wameoana mwaka mzima na hawajui nani analala wapi. Walikuwa wakilala vipi, kwa zamu?

Nikacheka sana. Mungu naye akanicheka. Nilikwenda ile ofisi yetu ya ubalozi kuuliza habari za kurudi nyumbani. Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, ilikufa miaka kumi na moja iliyopita, kafili aliyenidhamini naye akaifuata, na wanawe wanasema pasipoti hawajaiona. Wakaniambia: mzee, utapata hati ya dharura iwapo una ndugu mwenye karatasi safi wa kuthibitisha kuwa wewe ni wewe. Wewe utaulizwa hapa, yeye ataulizwa Riadh, saa ileile, maswali yale yale. Majibu yasipolingana, halas, faili linafungwa.

Sasa mimi na wewe ni maarusi wa televisheni. Tumeonana mara moja tu tangu ukue, dakika ishirini nje ya duka la dawa, ulipoletwa Jedda na mabosi wako. Nilipoondoka nyumbani ulikuwa unakojolea shuka.

Nimechoka, Kemunto. Neno hilo sitaliandika tena.

Mumeo,
Ezekieli, fundi wa vilivyonyamaza


Riadh
9 Februari 2024

Kwa mume wangu mzee asiye na ikama,

Habari za Karantina? Barua yako ilikaa kwa Fred wiki mbili, lori lake la vitunguu liliharibika njiani. Karatasi inanuka kitunguu mpaka machozi yamenitoka. Usiseme nalilia gari.

Mimi niko salama. Simu bado inakaa kwenye droo ya madam hadi Ijumaa, kwa hiyo karatasi hata mimi inanifaa. Nyumbani Mama ameshinda kesi ya mpaka, sasa anatafuta kesi nyingine. Frankline, yule mdogo wangu, amepata leseni ya kuendesha na tayari ameangusha ua wa kanisa. Mvua ilinyesha vizuri, ndizi zimekubali. Nyanya Rael hasumbuki tena na miguu. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Babu, aki, nilicheka hadi madam akaja kuuliza kuna nini. Unajua ni nani mwingine anayetazama mashindano hayo? Mama Mkubwa, mama yake bosi, ninayemtunza. Zamani alikaa Amerika miaka saba mumewe akisoma, na hao wenye meno ndio waliomfundisha Kiingereza. Sasa anawatazama kwenye tableti. Yeye ndiye mtangazaji, brashi ya nywele ndiyo kipaza sauti, na mimi ndiye mshindani. Nikishindwa namkanda miguu. Nikishinda napewa tende moja, kisha namkanda miguu. Na yule mama wa vibao hajafungwa, Babu. Mama Mkubwa anasema alikuwa tajiri kuliko bosi.

Kwa hiyo ofisi nitakwenda. Nilidhani madam atakataa, lakini Mama Mkubwa akamwambia, "Mimi mwenyewe nitampeleka, haya ni mashindano ya kweli." Amevaa miwani yake tangu siku ile.

Lakini tusicheze. Ndugu wa rafiki yangu Valary alikosea jina la mto tu, faili lake likafungwa. Niandikie majibu yote. Jina la mama yako, nyumba, mlango, jirani, kila kitu. Nitayakariri. Tafadhali usitie mzaha ndani, nitashindwa kutofautisha.

Mkeo mtiifu,
Kemunto


Karantina
3 Machi 2024

Kwa Kemunto, mke mwenye amri,

Salamu. Goti la kulia nalo limejiunga na mgomo. Hongera kwa ndama. Frankline mwambie ua wa kanisa ulikuwa umekaa vibaya tangu zamani, mimi mwenyewe niliwahi kuuangukia, ila sikuwa na gari.

Unaniambia nisitie mzaha. Ni kama kumwambia mwenye meno afunge mdomo. Leo nimemwona mmoja anauliza bei ya sabuni. Bei ya sabuni! Watu wanne wanakuna vichwa, wanahema, anayekaribia bei anarukaruka kama amefufuliwa. Mtume mtu dukani basi! Taifa lililokwenda mwezini halijui sabuni ni bei gani.

Haya, andika kichwani. Mama yangu ni Nyaboke, mfinyanzi, alikuwa na kidole kimoja kisichokunja na alikitumia kutunyooshea makosa. Baba sitaki kumtaja, lakini wakikulazimisha ni Nyangau, alikufa akidai kiti chake kwa watu. Nyumba yetu inatazama barabara ya soko. Mlango ni wa kijani, rangi iliyopotea kanisani. Usiulize ilipoteaje. Mbwa aliitwa Waziri kwa sababu alikula bila kufanya kazi. Kovu langu liko nyuma ya shingo, nilianguka juu ya jiko nikiwa na miaka minne, ingawa wadogo zake Rael niliwaambia ni chui. Niliondoka mwaka wa tisini na sita, Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na Rael alikataa nisafiri Sabato. Tangu hapo nimepumzika Ijumaa kama watu wa hapa. Mungu atanihesabia kwa wastani.

Kitanda. Hao wa televisheni wanapenda vitanda, na hawa wa ofisi ni binadamu vilevile. Rael analala upande wa ukuta. Mimi upande wa mlango, eti kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba anavuta blanketi, na upande wa mlango mtu anaweza kuteremka akajifunika koti.

Kiko hicho kichwa changu chote, hakikujaa karatasi mbili.

Sasa nami nikuulize moja. Wakisema: mke wake ni nani, na yuko wapi? Utajibu nini? Niandikie wazi, nami nitaandika hivyo hivyo.

Mumeo,
Ezekieli


Riadh
20 Aprili 2024

Kwa mume wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ramadhani huku mfungaji anakula jioni, mpishi halali usingizi. Nimekunja sambusa mpaka vidole vimejikunja vyenyewe, nikisalimu watu wanadhani nawapa sambusa. Mama anakusalimu. Frankline anakusalimu, ameajiriwa na yule jirani wa mpaka, kwa hiyo nyumbani vita vimehamia mezani. Ndama ameanza kula majani. Wote wanakusalimu.

Tarehe imetoka. Jumanne, ishirini na moja Mei, saa nne asubuhi. Wewe uende palepale ulipoandikishwa.

Nimekariri. Nyaboke, kidole, Nyangau, kiti, barabara ya soko, mlango wa kijani rangi iliyopotea kanisani, Waziri, jiko siyo chui, Jumapili tisini na sita. Mama Mkubwa ananiuliza kwa brashi kila asubuhi na sikosei hata moja. Juzi hakufurahi. Akazima tableti, akasema, "Unajibu upesi mno." Akanieleza kwamba zamani huko Amerika kulikuwa na shindano la maswali magumu, na mshindi aliyependwa na nchi nzima kumbe alikuwa amepewa majibu kabla. Alifundishwa hata kufuta jasho na kujifanya anafikiri. Nchi nzima ililia. Akaniambia, "Binti, mtu wa kweli husahau kidogo." Nimeanza kuogopa kwamba nimekariri vizuri kupita kiasi.

Hilo swali lako la mwisho halitaulizwa, Babu. Wanauliza mambo ya kuzaliwa tu. Fred anapiga honi nje, naacha hapa.

Mkeo,
Kemunto


Karantina
8 Mei 2024

Kemunto,

Salamu kwa wote, na kwa ndama.

Huyo Mama Mkubwa wako ana akili, anapoteza muda na wajinga. Lakini ona hao wenye meno walivyo. Kumbe hata jasho walilifundisha! Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza nilimwambia mwenye hoteli, huyu anayefuta uso hana joto. Akaniuliza kwa mikono, umejuaje na husikii? Nikamwambia mwenye masikio anadanganywa kwa masikio.

Nilikuuliza swali moja umenijibu kwa honi ya lori. Sawa. Tutaonana mbele ya mwenye meno.

Shati nimefua.

Ezekieli


Riadh
22 Mei 2024

Babu yangu,

Natumai umeamka salama. Wa nyumbani wazima. Leo siandiki ya nyumbani zaidi ya hayo, nisamehe.

Nimekuharibia.

Jana tulifika saa tatu, mimi na Mama Mkubwa na dereva. Mama Mkubwa alikataa kubaki garini. Afisa wangu ni Bwana Samweli, kijana, mpole lakini hacheki. Simu iko mezani, upande wa pili ni mwenzake aliyekuwa na wewe Jedda. Akaniuliza, nikajibu. Jina la mama yake? Mlango? Mbwa? Nikaona anaandika polepole, kisha hakuandika tena. Akaweka kalamu.

"Kemunto, wewe na huyu mzee mmeonana mara ngapi?"

"Mara moja, tangu nikue."

"Lakini mlango nyote wawili mnasema kijani, 'rangi iliyopotea kanisani'. Maneno ni yale yale, na mpangilio ni ule ule. Mwezi huu nimeona wazee watatu walionunuliwa wajukuu na madalali. Wajukuu walikuwa wamekariri hivi hivi, kama shairi la shule."

Nikasema, "Si wa kununuliwa, ni babu yangu wa damu." Akasema kila mmoja husema hivyo. Mama Mkubwa akapiga meza kwa mkono, akaongea Kiarabu kirefu, sikuelewa ila neno "haki". Afisa akamwinamia kwa heshima, kisha akalifunga faili. Akasema, "Basi swali moja ambalo halimo kwenye karatasi, na mwandike nyote wawili kwa wakati mmoja." Akasema kwenye simu, mwenzake akakubali.

Mke wake ni nani, na yuko wapi.

Babu, nilikaa na ile kalamu. Sikuweza kuandika jibu moja. Jibu la pili nalo sikuweza. Mkono ukaandika wenyewe: "Ni mimi. Niko hapa."

Akasoma, akanitazama mimi, akamtazama Mama Mkubwa, akachukua simu akatoka nje. Aliporudi akasema tu, "Nendeni, mtajulishwa." Hakunitazama tena. Ofisi ya serikali, karatasi ya serikali, nami nimeandika mzaha. Tulipofika nyumbani Mama Mkubwa akaichukua brashi yake akaitia kabatini.

Nisamehe. Kuna jambo ningepaswa kukuambia zamani. Wajomba walisema usiambiwe ukiwa peke yako huko. Nikipata likizo nitakuja nikuambie uso kwa uso.

Kemunto


Karantina
30 Mei 2024

Kwa mke wangu Kemunto,

Salamu. Magoti yote mawili yamerudi kazini, yameahidiwa safari.

Hebu nikusimulie upande wa pili wa pazia, maana wewe uliona nusu. Afisa wangu ni mama, anaitwa Bi Truphena. Aliandika maswali kwa herufi kubwa kama kibao cha barabarani, akidhani asiyesikia haoni vizuri. Nikajibu. Nikaona uso wake unabadilika. Huko kwenu mwenzake aliongea, huku mimi nikasoma midomo na nyusi za Bi Truphena. Nikajua tumekamatwa kwa kujua mno. Nikajilaani. Miezi mitano nawacheka wenye kufundishwa jasho, kumbe nami nimemfundisha mjukuu wangu rangi ya mlango.

Kisha akaandika lile swali.

Sikiliza, sasa nakwambia bila mzaha. Allan wa kwetu, anayefanya kazi bandarini, aliniletea redio mwezi wa Oktoba mwaka jana. Alidhani naambiwa mambo. Akaingia dukani, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu. Midomo yake ilikwenda lakini sikuihitaji. Mimi natazama watu bila sauti kutwa nzima, Kemunto. Najua uso wa aliyepewa gari na najua uso wa aliyekuja kutoa pole. Nilimlipisha redio nusu bei, akaenda zake, nikaendelea na kazi.

Kisha nikakuuliza habari za miguu ya Rael, nione utanidanganya. Hukunidanganya. Ukaniandikia hasumbuki tena. Mara ya pili ukasema wote wanakusalimu, na kwenye hao wote kulikuwa na mama yako, Frankline na ndama. Nikajua unabeba mzigo na hutaki niuone. Nikaamua nami nisiuone. Ningekuambia najua, ungelia, na mimi sijui kumbembeleza mtu kwa karatasi ya kitunguu.

Basi Bi Truphena ananiangalia, kalamu mkononi. Nikiandika ukweli, nawe umeandika mzima, tumeachana. Nikiandika mzima, nawe umeandika ukweli, tumeachana vilevile. Nikatafuta jibu moja tu ambalo halijawahi kubadilika kwenye barua zetu zote. Nikaandika: "Kemunto. Yuko Riadh."

Akasoma. Akamwambia mwenzake. Akasikiliza. Halafu, Kemunto, akatoa meno. Lakini haya yalitoka yenyewe, hayakufundishwa, hata akaficha mdomo kwa kiganja, na macho yakamlowa. Akaniandikia kwenye karatasi ileile: "Babu yangu Kakamega aliniita mke wake mpaka anaingia kaburini. Wanaouza wajukuu hawauzi hili." Akagonga muhuri kwa nguvu, hata mimi nilisikia.

Nasafiri Alhamisi, tarehe kumi na tatu Juni. Televisheni nimemrudishia mwenye hoteli, bado haina sauti, nimemwambia ndivyo inavyofaa. Mwambie Mama Mkubwa aitoe brashi kabatini. Mwambie tumeshinda, na mtangazaji hakubusu mtu.

Wewe usiombe likizo ya kuja kuniambia jambo. Umeshaniambia. Kuna jambo moja tu nakuomba. Ijumaa ukipewa simu, mpigie mama yako. Najua atataka kunitandikia kitanda kizuri, ataweka mito, atanilaza katikati kama askofu. Mwambie aniwekee koti upande wa mlango.

Upande wa ukuta wasiuguse.

Mumeo,
Ezekieli